Kuvuta Pumzi na Kutulia: Yapi ni Kweli, Yapi Yametiwa Chumvi

Tafuta "msongo wa mawazo" kwenye simu yako na hutakosa mtu anayekuhimiza ukae chini, ufumbe macho, uvute pumzi na uiache akili itulie. Atakuahidi usingizi mzuri, amani ya ndoa, ufanisi kazini, hata ubongo mpya. Chini yake kutakuwa na mwingine anayekuonya kwamba kwa kufanya hivyo unawafungulia mapepo mlango. Wote wawili wanasema kwa uhakika ambao watafiti wenyewe, walioyapima mazoezi haya kwa zaidi ya miaka 40, hawana.

Wanasaikolojia wanayazungumzia mazoezi haya kwa jina la uzingativu: kuielekeza akili kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa hivi, iwe pumzi, sauti ya barabarani, maumivu ya goti au huzuni, na kukitazama bila kukihukumu. Hupimwa kwa njia ileile inayotumika kupima dawa. Watu hugawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja hufundishwa, jingine hupewa tiba nyingine au husubiri, kisha hali zao hulinganishwa. Majibu yapo, na mengi yake hayafanani na yale yanayouzwa mitandaoni. Nayachukulia kwa uzito kwa sababu kwetu wataalamu wa afya ya akili ni wachache mno, na penye uhaba wa tiba, ahadi nyepesi hupata wateja haraka. Mgonjwa wa sonona anastahili kuelezwa ukweli wote kuhusu tiba anayopewa, sawa na mgonjwa wa kisukari au wa moyo.

"Ni kuondoa mawazo yote kichwani"

Si kweli, na imani hii ndiyo inayowakatisha wengi tamaa siku ya kwanza. Mtu anakaa, anajikaza asiwaze chochote, mara inamjia ada ya mtoto, deni la dukani, neno aliloambiwa jana na shemeji. Anainuka akiamini kwamba jambo hili halimfai.

Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake huko Texas walichapisha jaribio ambalo limekuwa maarufu. Waliwaomba wanafunzi wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila anapowajia akilini. Kengele zililia. Baadaye, waliporuhusiwa kumuwaza, walimuwaza zaidi kuliko wenzao ambao hawakuwahi kukatazwa. Wazo lililosukumwa lilirudi na nguvu mpya.

Kinachofundishwa katika uzingativu ni kinyume cha kusukuma. Unaifuata pumzi yako, akili inaondoka, unagundua kwamba imeondoka, unairudisha bila kujilaumu. Kugundua na kurudisha ndiko zoezi lenyewe. Aliyetorokwa na akili mara 50 na akairudisha mara 50 hajashindwa hata kidogo; amefanya zoezi mara 50. Tena, kutorokwa na akili ni hali ya kila mtu. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza watu 2,250 kupitia simu zao, kwa nyakati zisizotabirika, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Katika asilimia 46.9 ya nyakati hizo watu walikuwa wanawaza jambo jingine tofauti na lile walilokuwa wakilifanya, na kwa wastani furaha yao ilikuwa ndogo zaidi wakati huo. Utafiti huo ulitoka mwaka 2010.

"Ni dini ya Kibudha iliyovishwa koti la daktari"

Hapa nusu ni kweli, na wanaoficha nusu hiyo hawatendi haki.

Asili ni ya Kibudha bila ubishi. Mazoezi ya kuitazama pumzi na mwili yamefundishwa katika monasteri za Asia kwa karne nyingi, na katika karne ya 20 walimu wa Burma waliyatoa kwa watawa wakayapeleka kwa watu wa kawaida. Jon Kabat-Zinn, aliyepata shahada ya uzamivu ya biolojia ya molekuli katika chuo cha MIT, alijifunza kwa walimu wa Kibudha. Mwaka 1979 alianzisha kliniki katika chuo cha tiba cha Massachusetts, mjini Worcester, kwa ajili ya wagonjwa ambao dawa na upasuaji havikuwa vimewaondolea maumivu ya muda mrefu. Aliacha nje ibada, sanamu, sala na mafundisho ya kuzaliwa upya. Alichobakiza ni kozi ya wiki nane: darasa moja la saa mbili na nusu kila wiki, siku moja nzima ya ukimya, na mazoezi ya dakika 45 nyumbani karibu kila siku. Sehemu kubwa ya utafiti wa kitabibu wa leo imejengwa juu ya kozi hiyo au watoto wake.

Kwa hiyo, je, anayejifunza kozi hiyo anaabudu? Hapana, hakuna anayeombwa kukiri imani yoyote. Je, ana haki ya kujua ilikotoka? Ndiyo, kabla ya kuanza. Mwislamu anayepigania khushuu, yaani utulivu wa moyo, katika swala, au Mkatoliki anayesali rozari huku akili ikimkimbilia sokoni, wote wanaijua kazi ya kuirudisha akili iliyotoroka. Lakini nisingependa mtu achukue matokeo ya kliniki ya Worcester akayabandika juu ya swala au rozari. Mwenye kusali anazungumza na Mungu wake, na wala haswali ili apunguze maumivu ya mgongo. Swali la kama dini yako inaruhusu mpelekee shehe au padri wako. Swali la kama mazoezi yanatibu, hilo ndilo watafiti wanaloweza kulijibu.

"Hutibu sonona sawa na dawa"

Kweli, kwa wagonjwa wa aina fulani, wakiwa katika hatua fulani, wakifundishwa kwa namna fulani. Masharti haya matatu ndiyo yanayoachwa kila habari inapopita kutoka mdomo hadi mdomo, nami nitayakalia kwa sababu uhai wa watu umo humo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanasaikolojia watatu, Zindel Segal wa Toronto, Mark Williams na John Teasdale wa Uingereza, walikuwa wanahangaika na swali moja: kwa nini mtu aliyepona sonona huugua tena? Walijua kwamba kila anapougua, uwezekano wa kuugua tena huongezeka. Maelezo yao yalikuwa haya. Kwa mtu aliyewahi kuugua, huzuni ya kawaida, ile ambayo mwingine huilalia ikaisha, huamsha mawazo ya zamani: mimi si kitu, nitashindwa tena, bora nisingezaliwa. Anaanza kuyatafuna mawazo hayo akidhani anatafuta suluhisho, na kadiri anavyoyatafuna ndivyo anavyozama. Wakaona kwamba kama angefundishwa kulitambua wazo mapema na kuliona kuwa ni wazo tu, lisilo hukumu juu ya maisha yake, huenda mzunguko ungekatika.

Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2000. Walikuwa wagonjwa 145 waliokwisha kupona. Kati ya wale waliowahi kuugua sonona mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya waliopata huduma ya kawaida waliugua tena; kwa waliofundishwa uzingativu ilikuwa asilimia 37. Tofauti kubwa. Lakini kwa wale waliokuwa wameugua mara mbili tu, mafunzo hayakusaidia. Mwaka 2004 taasisi ya serikali inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza iliyaweka mafunzo haya katika mapendekezo yake, kwa ajili ya kundi lile la mara tatu na zaidi.

Kisha ukaja mlinganisho na dawa. Willem Kuyken na wenzake walichukua watu 424 waliokuwa wanatumia dawa za sonona ili wasiugue tena. Nusu waliendelea na dawa. Nusu walifundishwa uzingativu huku wakisaidiwa kupunguza dawa taratibu chini ya uangalizi. Baada ya miaka miwili, asilimia 44 ya kundi la uzingativu walikuwa wameugua tena, na asilimia 47 ya kundi la dawa. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo hayo mwaka 2015, na magazeti mengi yakaandika kwamba mazoezi ni sawa na dawa. Zisome tena namba hizo. Zinasema pia kwamba karibu nusu ya watu waliugua tena, kwa njia hii na kwa ile. Na waliopunguza dawa hawakuamka asubuhi wakazitupa chooni. Walikuwa na daktari, ratiba na mwalimu.

Kwa wasiwasi uliopitiliza pia kuna jaribio zuri. Mwaka 2022 timu ya Elizabeth Hoge ilichapisha matokeo ya watu 276 nchini Marekani: nusu walipewa dawa ya escitalopram, nusu walipitia kozi ya wiki nane. Wasiwasi ulipungua kwa kiwango kinachokaribiana. Habari njema kabisa. Ila ilikuwa kozi kamili, yenye mwalimu aliyefuzu, darasa kila wiki na dakika 45 za mazoezi nyumbani. Mwenye video ya dakika tatu anayeutaja utafiti huu kujitangaza anajipa sifa asiyoifanyia kazi.

Ukiuliza kwa ujumla, bila kuchagua ugonjwa, jibu linapungua nguvu. Mwaka 2014 Madhav Goyal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 yenye watu 3,515. Walikuta nafuu ya kiasi kwa wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakukuta ushahidi kwamba mazoezi haya yanazishinda dawa, mazoezi ya viungo au tiba nyingine za kisaikolojia. Anayetembea kwa miguu kila asubuhi na kulala vizuri asijione amepitwa.

Sharti la hatua nalirudia kwa sababu nimeona likikanyagwa. Ushahidi wenye nguvu zaidi unahusu mtu aliyekwisha kupona na anayejikinga. Aliye katikati ya sonona kali, asiyeweza kuinuka kitandani, asiyekula, anayewaza kujiua, akiambiwa akae kimya na kuyatazama mawazo yake ameongezewa mzigo. Huyo apelekwe hospitali leo.

"Picha za ubongo zimethibitisha kuwa wiki nane zinabadilisha ubongo"

Haijathibitika. Dai hili lilipata nguvu mwaka 2011, pale utafiti wa Britta Hölzel na wenzake ulipoonyesha ongezeko la msongamano wa mada ya kijivu katika baadhi ya sehemu za ubongo baada ya kozi ya wiki nane. Washiriki waliopata mafunzo walikuwa 16. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, akiwemo Richard Davidson, ambaye ameutetea uwanja huu kwa miaka mingi, walirudia swali hilo kwa watu 218 na kwa mpango madhubuti zaidi. Hawakuona mabadiliko ya umbo la ubongo yaliyotokana na kozi. Nawaheshimu kwa kuchapisha jibu ambalo halikuwa na faida kwao. Mtu anaweza kupata nafuu bila picha ya ubongo kuonyesha chochote, kwa hiyo matokeo haya hayamnyang'anyi mgonjwa kitu. Yanawanyang'anya wauzaji picha zao.

"Ni pumzi tu, haiwezi kumdhuru mtu"

Si kweli. Hili ndilo kosa ninaloliona la hatari kuliko yote, kwa sababu linamfanya aliyeumia ajione yeye ndiye mbovu.

Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown amefanya kazi ambayo wengi katika uwanja wake hawakuitaka ifanywe. Yeye na Jared Lindahl waliwahoji kwa kina karibu watu 100, wafanyaji wa mazoezi haya na walimu wao, kuhusu yaliyowasumbua. Katika matokeo yao ya mwaka 2017 watu walieleza hofu ya ghafla, kukosa usingizi, kuhisi kwamba mwili si wao, kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, na kumbukumbu za mateso ya zamani kurudi zikiwa mbichi. Baadhi walikuwa wamefanya mazoezi kwa miaka mingi. Wengine walipolalamika kwa walimu wao waliambiwa waendelee, kwamba ni hatua tu ya safari.

Ni wangapi hupatwa na haya? Miguel Farias na wenzake walikusanya tafiti 83 zenye watu 6,703, wakakadiria kwamba takriban asilimia 8 hupata madhara ya namna fulani. Timu ya Britton ilipowafuatilia kwa karibu washiriki 96 wa kozi za wiki nane na kuwauliza moja kwa moja, asilimia 58 walitaja angalau tukio moja baya lililohusiana na mazoezi, mengi yakiwa ya muda mfupi. Kwa kati ya asilimia 6 na 14, athari mbaya zilidumu. Tofauti kati ya namba hizi mbili inaonyesha kwamba madhara huonekana zaidi pale mtu anapoulizwa. Hata tiba za mazungumzo zina madhara yake, na dawa zina karatasi ndefu ya onyo ndani ya boksi. Mazoezi ya pumzi hayaji na karatasi.

Sababu mojawapo inaeleweka vizuri. Mwanamke aliyebakwa, au kijana aliyetoka vitani, hubeba kumbukumbu hizo mwilini: kifuani, tumboni, kooni. Ukimwambia afumbe macho na kuusikiliza mwili wake kwa dakika 40, umempeleka palepale anapopakimbia kila siku, tena peke yake. Mwalimu anayejua kazi yake humuuliza kwanza kuhusu historia yake. Humruhusu kubaki na macho wazi, kuhisi nyayo zikigusa sakafu au kusikiliza sauti za nje badala ya pumzi, kuanza na dakika mbili, kusimama na kutoka nje wakati wowote. Mwenye historia ya kupoteza uhalisia, yaani kusikia sauti au kuamini anafuatiliwa, asianze bila kuongea na daktari wake. Na ikiwa mazoezi yanakuongezea hofu au kukunyima usingizi siku baada ya siku, acha. Kuacha si udhaifu wa roho.

"Watoto wote wafundishwe shuleni"

Wazo lenye nia njema, lakini ushahidi mkubwa kuliko wote uliopo hauliungi mkono. Nchini Uingereza jaribio la MYRIAD lilihusisha shule 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000 wenye umri wa miaka 11 hadi 14. Walimu wa shule walifundishwa kwanza wenyewe, ndipo wakafundisha darasani. Matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha kwamba watoto waliofundishwa uzingativu walikuwa na hali njema kuliko wenzao walioendelea na masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Wengi wao hawakuyafanya mazoezi nyumbani, na wengi waliona yanachosha. Kulikuwa na dalili kwamba kwa baadhi ya waliokuwa tayari na matatizo mambo yalizidi kidogo kuwa mabaya.

Anayetafuta cha kuwapa wanafunzi wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu zaidi. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake wa taasisi ya Shamiri waliwapima wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi. Vijana wasio wataalamu waliongoza vikundi kwa vipindi vinne kuhusu kuamini kwamba mtu hubadilika, kushukuru, na kuishi kwa yale anayoyathamini. Mwaka 2021 waliripoti kwamba dalili zilipungua zaidi kuliko kwa kundi lililofundishwa mbinu za kusoma, na nafuu ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye. Hapo hapakuhitajika kufumba macho.

"Humfanya mtu awe mwema kwa wenzake"

Inategemea ni mtu wa namna gani aliyeketi. Jibu hili limenivutia kuliko mengine yote, na sioni likizungumzwa vya kutosha kwetu.

Michael Poulin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Buffalo, New York, waliwafundisha watu zoezi fupi la uzingativu, kisha wakawapa nafasi ya kujitolea kusaidia shirika la hisani. Kwa waliojiona kwanza kama sehemu ya watu wao, ndugu wa fulani, rafiki wa fulani, zoezi liliongeza utayari wa kusaidia. Kwa waliojiona kwanza kama mtu binafsi anayejitegemea, zoezi liliupunguza. Katika jaribio la pili watafiti walichochea mtazamo mmoja au mwingine kwa makusudi, na mwelekeo ukawa uleule. Walichapisha utafiti huo mwaka 2021.

Andrew Hafenbrack na wenzake wakaenda mbali zaidi. Katika majaribio manane yenye jumla ya watu zaidi ya 1,400, walikuta kwamba aliyemkosea mwenzake kisha akafanya zoezi la kuitazama pumzi alipungukiwa na hisia ya hatia, na hamu yake ya kurekebisha kosa ikapungua. Zoezi lilifanya kazi yake: lilituliza. Ila kilichotulizwa ni dhamiri. Zoezi la aina nyingine, la kuwatakia wengine heri mmoja mmoja, halikuwa na athari hiyo ya kupoza wajibu.

Hatia ina kazi. Ndiyo inayomtoa mtu nyumbani jioni kwenda kuomba radhi kwa jirani, kurudisha pesa iliyozidi, kumpigia simu mama ambaye hajampigia tangu sikukuu. Katika jamii zetu mtu bado hutambulishwa kwa watu wake kabla ya kazi yake, na nadhani hiyo ni akiba kubwa kwa yeyote atakayeleta mafunzo haya huku. Wanaoyafundisha Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa wasiyalete yakiwa yamefungwa katika lugha ya "nafsi yangu, amani yangu, nafasi yangu" iliyokopwa nzima. Kama umemkosea mtu, nenda kwanza. Kutulia kutafuata.

"Ni anasa ya watu wenye pesa na viyoyozi"

Si kweli, na mahali palipolionyesha hili vizuri ni kaskazini mwa Uganda.

Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, eneo la West Nile, Wietse Tol na wenzake walipima mafunzo yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Washiriki walikuwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, katika vijiji 14 vya makazi hayo. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu: vingine vikapata mafunzo, vingine huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Mafunzo yalikuwa vipindi vitano vya saa mbili, kwa vikundi vya hadi watu 30. Sauti ilikuwa imerekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, hivyo hakukuhitajika mtaalamu kila kijiji. Waongozaji walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Kulikuwa na kitabu cha picha kwa wasiojua kusoma.

Sehemu ya uzingativu ndani yake ilikuwa fupi na ya vitendo: kupunguza mwendo wa pumzi, kukanyaga chini kwa nguvu, kusikiliza kinachosikika, kulitaja wazo linalotesa kwa jina lake na kurudi kwenye kazi iliyo mkononi. Hakuna aliyewaambia kwamba vita, njaa na kufiwa ni mawazo tu. Sehemu nyingine zilihusu kujihurumia, na kufanya hata jambo dogo linalolingana na kile mtu anachokithamini, kama kumlea mtoto vizuri au kumtembelea aliyefiwa. Dhiki ya nafsi ilipungua sana mara baada ya mafunzo, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo, ingawa ilikuwa imesinyaa. Ripoti ilitoka katika Lancet Global Health mwaka 2020.

Mafunzo hayohayo yalijaribiwa kwa wakimbizi wa Syria walioko Uturuki, 642 kwa idadi, na miezi sita baadaye takriban asilimia 22 ya waliofundishwa walikuwa na ugonjwa wa akili, dhidi ya asilimia 41 ya wasiofundishwa. Kwa wakimbizi walioko Ulaya Magharibi tofauti hiyo haikuonekana baada ya miezi sita. Anayetaka kuyaleta katika kambi au mtaa wake ayapime tena hapo hapo, kwa lugha ya watu wa hapo.

"Mwajiri akitulipia programu ya utulivu kwenye simu ametimiza wajibu"

Si kweli. William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichambua majibu ya wafanyakazi 46,336 wa Uingereza. Walioshiriki mafunzo ya uzingativu na programu nyingine za mtu binafsi hawakuwa na hali njema kuliko wasioshiriki. Ni uchunguzi wa maswali, hauna nguvu ya jaribio, lakini unatosha kumfanya mwajiri ajieleze. Muuguzi anayefanya zamu mbili mfululizo na dereva anayelipwa kwa idadi ya safari wanachoshwa na ratiba na malipo. Hayo hurekebishwa kwa mikataba.

Kuhusu muda, kwa kumalizia madai: hakuna ushahidi kwamba lazima ukae saa nzima kila siku. Christine Parsons na wenzake walipokusanya tafiti 43 walikuta kwamba washiriki wa kozi za wiki nane walifanya wastani wa asilimia 64 ya mazoezi waliyopangiwa, kama nusu saa kwa siku, na waliofanya zaidi walinufaika zaidi kwa kiasi kidogo.

Kwa hiyo, kabla hujamlipa mtu yeyote anayekualika kwenye darasa la utulivu, muulize amefundishwa wapi, amewahi kumfundisha mtu mwenye kiwewe, na atafanya nini ukizidiwa katikati ya kipindi. Akikwambia kwamba jambo hilo haliwezi kutokea, usilipe. Kama unatumia dawa za sonona au za wasiwasi, usiziache wala kuzipunguza kwa sababu ya mazoezi yoyote bila kuongea na daktari aliyekuandikia. Na kama una ndugu ambaye amejifungia ndani wiki ya pili sasa, usimtumie video. Nenda kamwone, na muende wote hospitali.